Sahani Nyeupe Katika Maji ya Chini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Shughuli za Bahari. Mwalimu wetu wa jioni. Majirani mlioacha kazi zenu. Na nyinyi watoto mliopanda ukutani mpate kuona vizuri: amani iwe kwenu nyote, na sifa zimrudie Mungu, aliyeumba bahari kabla hajaumba mtu wa kuipima.

KARIBU

Mheshimiwa, karibu kwenye banda letu. Harufu unayoisikia ni ya mwani unaokauka. Anayekuja hapa mara ya kwanza hukunja pua. Akija mara ya pili hukunja suruali na kuingia majini. Tumekuwekea kiti chenye mgongo. Mguu wake mmoja unayumba kidogo, lakini fundi seremala wa kikundi ameapa kwamba hakitakuangusha, naye ameketi nyuma yako kwa lolote litakalotokea.

Risala hii tumeiandika pamoja katika darasa la jioni, sisi wakulima wa mwani wa ufukwe huu. Wengi wetu tulishika kalamu tukiwa tayari na wajukuu. Ukikuta sentensi iliyopinda, utuvumilie, maana imeandikwa na mikono iliyozoea kufunga mafundo. Kabla ya kuandika tulisali. Mwalimu aliposahihisha tukasali tena, kwa jinsi masahihisho yalivyokuwa mengi.

Anayekusomea ni mwenzetu tunayemwita Kivuli. Ametajwa humu ndani, na jana aliomba tufute sehemu zinazomhusu. Tulipiga kura, akashindwa.

TULIKOTOKA

Zamani kazi yetu ilikuwa rahisi kueleza hata kwa mtoto. Unachomeka vigingi viwili mchangani, mahali ambapo maji yakipwa yanakufika magotini. Unafunga kamba kati ya vigingi, unaning'iniza vipande vya mwani kwa nyuzi, mengine unamwachia Mungu. Kwa kazi hiyo tumejenga, tumeozesha, tumezika, na tumewapeleka watoto shule ambazo sisi wenyewe tuliziona kwa nje.

Aliyewafundisha wengi wetu kufunga mwani ni yule mama aliyeketi mwisho wa benchi, mwenye sahani mapajani. Tunamwita Shangazi, ingawa ni shangazi wa damu wa watu wachache tu. Kivuli ni mke wa mwanawe, na wawili hao wanalima kamba moja na kupika jiko moja. Tulitaka leo Shangazi ndiye asome. Akasema, "Someni nyie. Mimi nitashika kamba." Ni kamba gani, utaelewa tukifika huko mbele.

Kisha ukaja msimu ambao upepo uligoma kuamka. Bahari ililala kama mafuta kwenye bakuli, na jua likapiga palepale pasipo kitu cha kuyachanganya maji. Maji ya magotini yakawa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, baadaye yakawa si ya kumwogesha mtu yeyote. Mwani ukaanza kuwa mweupe kwenye maungio, kama ncha za vidole vilivyokaa sana kwenye povu la sabuni. Ukishika tawi, linakatikia mkononi. Tulikuwa tunakwenda na vikapu na kurudi na vikapu, na ndani yake hamna cha kumfanya mtu atue mzigo.

KOSA LETU

Tunajua katika risala watu hutanguliza mafanikio. Sisi, Mheshimiwa, tunaomba ruhusa ya kutanguliza kosa, kwa sababu mafanikio yetu yalitoka humo.

Shangazi aliuchukua ule mwani mweupe, akaunusa, akaukunja, akauinua mbele ya macho. Akakumbuka kitu anachokijua kila mtu aliyewahi kuanua jamvi uani: nyasi zilizokaa chini ya jamvi siku nyingi hugeuka nyeupe. Akatuita.

"Nyasi zikifunikwa zinakuwaje?"

"Nyeupe, Shangazi."

"Zimekosa nini?"

"Jua, Shangazi."

"Haya. Na mwani huu je?"

Kivuli peke yake ndiye aliyefungua mdomo kupinga, naye alikuwa bado hajaitwa Kivuli.

"Lakini mama, haya maji yanachoma miguu. Mimi naona mwani unatafuta kivuli."

"Miguu yako ya mjini hiyo."

"Mama, mimi nimezaliwa pale nyuma ya kisima."

"Basi ni miguu ya uvivu. Lete chupa."

Tukazikusanya chupa tupu za plastiki, tukazifunga kwenye kamba ziwe maboya, tukaupandisha mwani juu kabisa ukaribiane na jua. Ilikuwa kazi ya kutwa, na tuliifanya kwa kuimba. Tulipomaliza tulisimama majini, tukafumba macho, tukaomba jua. Na Mungu, asiyemnyima mja wake, akatupa jua.

Mheshimiwa, tulikuwa tunaomba moto kwa ajili ya nyumba inayoungua. Mwani wote wa ufukwe huu ulitoka kamba kwa kamba, ukaelea ukiwa mweupe mpaka mchangani, na watoto wakaupiga mateke kama povu.

Siku ile Shangazi hakula. Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, na mkwewe akawa anapita mbele yake na vyombo bila kusema neno, maana kuna ushindi ambao mtu mwenye adabu hauchukui. Mwishowe Shangazi akauliza, "Siku ile ulisema mwani unatafuta nini?"

"Kivuli, mama."

"Basi kuanzia leo jina lako Kivuli."

Kwa wanaomfahamu Shangazi, huko ndiko kuomba radhi. Kivuli aliingia ndani, akacheka, akalia kidogo, akatoka na sahani ya chakula. Safari hii mama mkwe akala.

SAHANI

Ni baada ya hapo ndipo maofisa wa ofisi yako walipokuja na vyombo vyao. Walipima maji ya magotini, wakaandika kwamba ni moto kupita kiasi, na kwamba ufukwe huu hauwezi tena kukuza mwani. Vigingi vyetu vikapakwa rangi nyekundu, vingojee sahihi yako ili ving'olewe. Hatubishi walichopima. Walipima sawasawa, na walitusalimia vizuri. Tunachosema ni kwamba walipima pale tulipowaonyesha, na tuliwaonyesha mahali pekee tulipopajua.

Mwalimu wetu wa jioni alipoona vile vigingi, hakutupa pole. Alifuta somo la barua lililokuwa ubaoni, akachora mstari wa maji na jua juu yake. Akasema joto la jua kwa sehemu kubwa huishia kwenye maji ya juu, lakini mwanga husafiri mbali zaidi kwenda chini. Swali ni mbali kiasi gani hapa kwetu, na hilo halimo kwenye kitabu chochote alicho nacho. Kuna njia ya kulijua, akasema: shusha kitu cheupe kwa kamba mpaka macho yakipoteze.

"Cheupe kama nini?" Shangazi akauliza.

"Kama sahani."

Kesho yake Shangazi alikuja na sahani yake ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Fundi seremala aliitoboa matundu, akafunga jiwe kwa chini. Kivuli alichana kitambaa chekundu, akafunga kipande kwenye kila pima ya kamba, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Tukaazima mashua kwa mpwa wa fundi, tukatoka hadi kando ya mkondo, mahali ambapo chini panakwenda bila kukuaga.

Hapa lazima tuseme jambo la Shangazi ambalo ameturuhusu kulisema. Ameishi na bahari maisha yake yote, lakini maji hayajawahi kumpita kiuno. Hajui kuogelea. Siku ile aliushika ubavu wa mashua kwa mkono mmoja na Mungu kwa mkono wa pili, na midomo yake haikusimama hata kidogo. Fundi akamwambia, "Shangazi, ukimsemesha Mungu hivyo bila kupumzika, atajibu saa ngapi?"

"Wewe piga makasia," akasema Shangazi. "Mimi na yeye tumezoeana."

Sahani ikashuka. Ikawa ya kijani kibichi, ikawa ya samawati, ikazidi kuwa ndogo. Tulikuwa tumeinamia upande mmoja wote, mashua ikakaribia kutumwaga. Pima ya kwanza, sahani ipo. Pima ya pili, ipo. Tukapita kina cha kamba zote tulizowahi kufunga katika maisha yetu, na bado tulikuwa tunaiona imekaa chini kule, inatutazama. Shangazi akaacha kuushika ubavu wa mashua bila kujua kwamba ameuacha. Hofu yetu ya miaka yote kuhusu maji ya chini ilikuwa giza, na giza lenyewe halikuwepo.

Kivuli ndiye aliyeshtuka. "Vitambaa vyangu vimeoza! Tazameni, vimekuwa kama tope."

Tulipovuta kamba, vitambaa vilitoka vyekundu vilevile. Mwalimu alicheka mpaka akafuta miwani. Akatueleza kwamba bahari hula rangi kwa zamu, na nyekundu ndiyo inayotangulia kuliwa. Buluu hubaki mpaka mwisho. Shangazi alikinyoosha kile kitambaa kidoleni, akakiangalia kwa muda mrefu kuliko kitambaa kinavyostahili.

CHUPA YA CHAI

Mwanga tukawa tumeuona. Baridi ikawa haijaonekana. Tulishusha kipimajoto cha darasa kwenye maji ya chini, tukakivuta juu, tukakigombania kukisoma huku jua likitupiga visogoni. Kikasema chini na juu ni sawasawa. Tukarudia, kikasema vilevile. Darasani jioni ile mmoja wetu akanong'ona kwamba labda vigingi viachwe ving'olewe tu.

Mwalimu akauliza swali moja: kipimajoto kimepita wapi kikija juu? Wakati huo Kivuli alikuwa anamimina chai. Wa kwanza alipata chai ya moto, na wa mwisho aliyeachiwa kikombe mezani akalalamika kwamba imepoa. Shangazi alikitazama kikombe, akaitazama chupa ya chai, iliyokuwa bado inatoa mvuke.

"Baridi ya chini tunaipandisha uchi," akasema. "Inapita kwenye moto bila nguo, halafu tunaiuliza imekwenda wapi."

Akaichukua ile chupa. Kivuli akaruka. Ni chupa ya chuma, zawadi ya harusi yake, na chai ndani yake hukaa moto tangu alfajiri mpaka usiku.

"Mama, hiyo ni ya wageni!"

"Na maji ya chini nayo ni mgeni. Amewahi kuja kwetu lini?"

Chupa ikafungiwa jiwe, kizibo kikafungiwa uzi wake peke yake. Tuliishusha imefungwa mpaka chini, Shangazi akauvuta uzi, mapovu yakapanda yakivuma kama mtu anayetaka kuimba akiwa amefumba mdomo. Tukangoja ijae, tukaivuta haraka. Kivuli alichovya kidole kabla kipimajoto hakijafika, kwa kuwa chupa ni yake. Akakitoa, akamshika mama mkwe shavuni kwa kidole kilekile.

Shangazi alisema, "Alhamdulillahi," na fundi, ambaye husali kwingine, akasema, "Haleluya," na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Maji yalikuwa baridi, Mheshimiwa. Si baridi ya kutetemesha. Ni ile ya maji ya mtungi uliokaa pembeni mwa nyumba, ambayo mtu akinywa hushusha mabega.

TULICHOVUNA

Hapo Shangazi na mkwewe walirudia ugomvi wao, ila sasa kwa heshima. Mmoja alisema mwanga uko juu, mwingine akasema baridi iko chini, na kila mmoja alikuwa sahihi. Basi tukaning'iniza kamba moja wima kando ya mkondo, imefungwa mbegu ya mwani tuliyoazima ufukwe wa jirani, kuanzia juu mpaka chini kabisa, tukaiacha ituamulie. Wa juu uligeuka mweupe. Wa chini kabisa ulibaki mzima lakini mwembamba, kama mtu anayeishi kwa uji. Wa katikati ulinenepa mpaka nyuzi zikazama ndani ya nyama yake. Fundi akasema, "Bwana harusi kumbe alikuwa katikati ya msafara, nyie mnamtafuta mbele na nyuma."

Zikaja mvua, mto ukaleta tope, na sahani ikapotea mapema kuliko siku zote. Tukajua kwamba mahali pazuri hapakai palepale. Kwa hiyo kamba zetu za sasa hupanda na kushuka. Maji yakiwa safi na jua kali, tunapunguza chupa na kamba inazama kwenye ubaridi. Maji yakichafuka, tunaongeza chupa, mwani unaufuata mwanga. Zile chupa zilizotuunguza msimu ule ndizo zinazotuhudumia leo. Kila wiki, jua likiwa juu, sahani inashushwa na wote tunakubali inachosema. Mwenyekiti wetu amelalamika kwamba sahani ina madaraka kuliko yeye, na ni kweli.

Mwani ulio kwenye kapu mbele yako umetoka kwenye kamba zile chache za majaribio, katika msimu uleule ambao maji ya magotini hayakutoa hata tawi. Uguse, tafadhali. Ukunje. Haukatiki.

YANAYOTUSUMBUA

Hatutakuficha. Mkondo ni njia ya mashua za wenzetu, na kamba iliyowekwa ovyo inaweza kunasa injini ya mtu na kumharibia siku. Tumeongea na wenye mashua. Wameturuhusu kwa mdomo tukae upande wenye mawe, wasikopita, lakini ruhusa ya mdomo haina mahali pa kugongwa muhuri. Mashua tunayotumia ni ya kuazima, na mwenyewe ameanza kututazama kwa jicho la mtu anayetafuta pesa ya mahari. Wengi wetu hatujui kuogelea. Shangazi ameanza kujifunza. Mpaka sasa anaelea vizuri sana mradi mkwewe amshike.

La mwisho ndilo zito. Ukiweka sahihi kama karatasi ilivyo, ufukwe huu utaandikwa kuwa umekufa, na hakuna mtu atakayepewa kibali cha kulima mwani hapa, awe maji ya juu au ya chini. Tutakuwa tumeupata mlango siku ileile nyumba inapofungwa.

TUNACHOOMBA

Hatuombi vigingi vya zamani virudishwe. Ving'oeni. Tutawasaidia kuvibeba, na fundi ameshaomba apewe mbao.

Tunaomba ukanda mmoja, kando ya mkondo, upande wa mawe, uandikwe kwa jina la kikundi kwa misimu miwili ya majaribio. Tunaomba maofisa wako wapime pamoja nasi, kwa vyombo vyao na kwa chupa yetu, ili tukikosea tena tukosee mbele ya mashahidi. Na kama kuna kijana katika ofisi yako anayejua kuogelea na mwenye subira, tuazimeni.

Tunajua karatasi iko kwenye mkoba wako. Hatukuulizi utaandika nini. Tunaomba tu usiandike ukiwa umekaa kwenye kiti hiki, na si kwa sababu ya ule mguu wake. Mashua iko tayari hapo mbele, na maji yamejaa. Tulikuomba uje saa tano kwa sababu sahani husomeka vizuri jua likiwa karibu na utosi, na tukiendelea kusoma risala jua litaanza kuinama. Tumeacha nafasi moja katikati, pasipoyumba. Shangazi ataketi mbele yako na kamba yake. Kamba ile ina vitambaa vyekundu, rangi moja na ile iliyo kwenye vigingi vyetu. Utatazama mwenyewe, Mheshimiwa, ni pima ya ngapi ambapo bahari itaimeza rangi hiyo, na sahani nyeupe bado inaonekana chini yake.

Mwenyezi Mungu, uliyeyapa maji ya juu joto na maji ya chini utulivu, na ukaupa mwanga ruhusa ya kupita kote, mjalie mgeni wetu macho mepesi na mkono usio na haraka. Walinde waliomleta na wanaomngoja nyumbani. Wabariki wenye mashua, mwalimu wetu, na kila anayejifunza akiwa amechelewa. Utusamehe kwa yale tuliyokuomba bila kujua, na utujalie kujua kabla ya kuomba.

Kivuli anakunja karatasi. Shangazi ameshasimama.

Ni sisi watumishi wako katika kazi hii,
Kikundi cha Wakulima wa Mwani na Darasa la Jioni, "Sahani Nyeupe".